Fedha za kupokea taarifa, si za upelelezi: kisa cha Action Fraud

Kuanzia mwaka 2013, na kwa zaidi ya miaka kumi iliyofuata, mtu aliyetapeliwa England au Wales akienda kituo cha polisi cha eneo lake kwa kawaida alijibiwa hivi: taarifa za utapeli hatupokei hapa, ingia kwenye tovuti ya Action Fraud, huduma ya kitaifa ya kupokea taarifa za utapeli, au wapigie simu. Alijaza fomu, akapewa namba ya kumbukumbu, akaambiwa asubiri. Wengi waliishika namba hiyo wakiamini kwamba kuna askari mahali fulani amekabidhiwa jalada lao. Mara nyingi askari huyo hakuwepo.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu serikali nyingi sasa zinatenga fedha kwa huduma za mtandaoni za kuwaunganisha wananchi na polisi, na karibu zote zinaanzia kwenye fomu na namba ya simu, kama walivyoanza Waingereza. Action Fraud si hadithi ya mradi uliobuniwa na wajinga. Wazo lake lilikuwa zuri, na mpaka leo naliona zuri. Kilichoharibika ni mgawanyo wa fedha: upande wa kupokea ulilipiwa, upande wa kufanyia kazi kilichopokelewa ukaachwa ujitafutie.

Tatizo lilivyokuwa

England na Wales zina vikosi 43 vya polisi vya maeneo. Kila kikosi kina mkuu wake, bajeti yake na kumbukumbu zake za makosa. Kwa mwizi wa kuvunja nyumba mpangilio huo unafaa, maana anaiba anapoweza kufika kwa miguu au kwa gari. Tapeli hana eneo. Tuseme amechukua pauni 80 kwa kila mmoja wa watu 1,000 waliotawanyika nchi nzima. Kituo kimoja kinaona kikesi cha pauni 80, kingine kinaona kingine cha pauni 80, na hakuna mkuu wa polisi atakayemtoa mpelelezi kwenye kesi ya kuchomana visu ili afuatilie pauni 80. Taarifa zote zikikusanywa mahali pamoja ndipo linapoonekana genge lililoiba pauni 80,000.

Mwaka 2006, chini ya usimamizi wa ofisi ya Mwanasheria Mkuu, serikali ilipokea ripoti ya tathmini ya namna nchi inavyopambana na utapeli. Ilipendekeza chombo cha kitaifa cha kuratibu mapambano hayo, kituo kimoja cha kupokea taarifa, na kikosi kimoja cha polisi cha kuongoza vingine. Mamlaka ya Taifa ya Utapeli ikaundwa mwaka 2008. Action Fraud ikafuata mwaka 2009 kama kituo cha taarifa, na mwaka 2010 ikaanza ofisi ya taifa ya intelijensia ya utapeli ndani ya polisi wa City of London. Hicho ndicho kikosi kidogo kuliko vyote vya maeneo, kinacholinda eneo la mabenki katikati ya London, lakini wapelelezi wake wamebobea kwenye kesi za fedha.

Wakati huohuo benki zilikuwa zinabadilika. Mei 2008 Uingereza ilianzisha mfumo wa malipo ya haraka, na fedha zilizokuwa zikichukua siku kadhaa kutoka benki moja hadi nyingine zikaanza kufika kwa sekunde. Kila mtu alinufaika, tapeli naye. Fedha zikiingia akaunti ya kupitishia fedha za wizi, dakika chache baadaye zimeshagawanywa kwenye akaunti nyingine nne au tano. Huduma yoyote ya kupokea taarifa iliyozaliwa baada ya hapo ilipaswa kupangwa kwa saa, au hata kwa dakika. Action Fraud ilimwahidi mlalamikaji kujulishwa hali ya taarifa yake ndani ya siku 28.

Safari ya taarifa

Hapa ndipo kisa kilipo, kwa hiyo nitakaa kidogo. Chukulia mtu aliyepigiwa simu na sauti ya upole inayojitambulisha kuwa ni ya benki yake. Anaambiwa akaunti yake imeingiliwa, ahamishie akiba yake kwenye "akaunti salama". Anahamisha. Saa mbili baadaye anashtuka. Anaenda kituoni, anaelekezwa mtandaoni. Fomu inamuuliza alipigiwa na namba gani, alituma kiasi gani, kwa akaunti ipi, kwa jina gani, tapeli alisema nini. Anajaza yote huku mikono ikitetemeka, kwa sababu anadhani anamweleza askari.

Taarifa yake haikwenda kwa askari. Iliingia kwenye mfumo wa kompyuta wa ofisi ya intelijensia, na mfumo huo ulitafuta vitu vinavyofanana na vilivyomo katika taarifa nyingine: namba ya simu ileile, akaunti ileile, anwani ileile ya barua pepe. Taarifa ilipewa alama kulingana na dalili za kupatikana kwa mtuhumiwa. Zilizopata alama za kutosha zilisomwa na mtu. Nyingine zilibaki kwenye kanzidata zikisubiri taarifa mpya itakayogusana nazo. Katika baadhi ya zilizosomwa na mtu, lilitengenezwa jalada likatumwa kwa kikosi cha polisi kilichoonekana kuwa na uhusiano wa karibu na mtuhumiwa.

Kama utaratibu wa uchambuzi, hakuna ubaya hapo. Kuchuja kwa mashine taarifa ambazo kwa mwaka zinahesabika kwa laki kadhaa ni lazima, na ndiyo sababu ya kuzikusanya pamoja. Tabu ni mambo mawili yaliyoambatana nao. La kwanza, aliyejaza fomu hakuambiwa kwa lugha nyoofu kwamba uwezekano mkubwa ni kwamba hakuna mtu atakayeisoma taarifa yake kama kesi. La pili, na ndilo kubwa zaidi, polisi wa City of London walikuwa na mamlaka ya kutuma jalada tu. Hawakuwa na mamlaka ya kukilazimisha kikosi kingine kulipeleleza.

Wakuu wa polisi wa England na Wales wana uhuru wa kiutendaji. Mkuu wa polisi aliyeletewa jalada kutoka London aliweza kuliangalia, akaona hana watu, akalifunga. Na sababu za kulifunga alikuwa nazo tele. Fedha za vikosi hutoka sehemu mbili kuu, ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Ndani na kodi inayolipwa na wakazi kupitia halmashauri, na tangu Novemba 2012 karibu kila eneo lina kamishna wa polisi aliyechaguliwa kwa kura ambaye huidhinisha bajeti. Mpiga kura anauliza kwa nini haoni askari mtaani, kwa nini baiskeli zinaibwa, kwa nini vijana wanabeba visu. Ni nadra kumkuta mpiga kura anayedai wapelelezi wa miamala ya benki. Ongeza na hili: aliyetapeliwa anaishi kusini, akaunti ya kupitishia imefunguliwa kaskazini, na tapeli mwenyewe huenda yuko nchi nyingine kabisa. Kodi ya wakazi wa wapi imlipe mpelelezi? Swali hilo halikupewa jibu la kibajeti, na taarifa zikaendelea kumiminika.

Kuna jambo moja ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka. Kabla ya Action Fraud, kituo cha polisi cha eneo kilikuwa na wajibu wa kuandika kosa la utapeli. Kilifanya hivyo vibaya, kwa kusitasita, mara nyingi kwa kumpiga mlalamikaji danadana, lakini wajibu ulikuwepo na mlalamikaji aliweza kurudi kesho kuuliza. Uhamisho ulipokamilika mwaka 2013, uandikishaji wa makosa ya utapeli ukawa wa Action Fraud. Kikosi cha eneo kilibaki na matukio machache ya kuitikia moja kwa moja: mtuhumiwa amekamatwa, tukio linaendelea au limetokea muda uleule, au mtuhumiwa ni mtu wa eneo hilo anayejulikana. Yaliyobaki yote yalikwenda mtandaoni. Kwa hiyo huduma mpya haikuongeza njia ya pili kando ya ile ya zamani, iliiondoa ya zamani. Na makosa ya aina fulani yakishatoka kwenye takwimu za kikosi, kikosi hakina tena sababu ya kuajiri mtu wa kuyashughulikia.

Fedha zilivyokwenda

Miaka ambayo Action Fraud ilikuwa inasambazwa nchi nzima ndiyo miaka ya kubana matumizi. Serikali iliyoingia mwaka 2010 ilipunguza ruzuku ya polisi, na hadi 2018 idadi ya askari wa England na Wales ilikuwa imepungua kwa takriban 20,000. Mamlaka ya Taifa ya Utapeli ilivunjwa mwishoni mwa Machi 2014, na Action Fraud ikakabidhiwa polisi wa City of London. Wao waliiendesha kwa kiasi kikubwa kwa ruzuku ya Wizara ya Mambo ya Ndani, na kazi ya kupokea simu ikafanywa na kampuni binafsi kwa mkataba. Mwaka 2015 kampuni iliyokuwa na mkataba huo ilifilisika na nyingine ikachukua nafasi yake. Mfumo mpya wa kompyuta nao ulichelewa, ukaanza kazi Oktoba 2018.

Kwa nini ilikuwa rahisi kupata fedha za tovuti kuliko fedha za wapelelezi? Naona sababu iko kwenye umbo la matumizi yenyewe. Tovuti ni mradi: ina zabuni, ina mkataba, ina tarehe ya uzinduzi, na siku ya uzinduzi waziri ana kitu cha kuonyesha. Mwaka 2011 wizara hiyohiyo ilizindua ramani za uhalifu mtandaoni kwa takriban pauni 300,000, na siku ya kwanza tovuti ilizidiwa na wingi wa watu. Kiu ya wananchi ilikuwepo, na bei ilikuwa ndogo. Mpelelezi wa makosa ya fedha ni gharama ya namna nyingine. Anahitaji miaka ya mafunzo, anahitaji mshahara na mafao mpaka astaafu, na akishaiva benki humchukua kwa mshahara ambao polisi hawauwezi. Hakuna sherehe ya kuzindua mpelelezi. Ofisa wa bajeti akiwa na mafungu hayo mawili mbele yake, na akiwa ameambiwa apunguze, sote tunajua lipi litapona.

Kisha kipimo cha mafanikio kikafuata fedha. Huduma iliyolipwa kupokea taarifa hupimwa kwa taarifa ilizopokea, muda wa kusubiri kwenye simu na idadi ya fomu zilizokamilika. Hivyo vyote vinaweza kupanda mwaka hadi mwaka huku waliokamatwa wakipungua, na jedwali la kituo likaendelea kuonyesha kwamba kazi inakwenda vizuri.

Wakaguzi walichokikuta

Juni 2017 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ilitoa ripoti kuhusu utapeli wa mtandaoni. Ndani yake kuna ulinganisho ambao kwangu unatosha kueleza kisa kizima. Mwaka 2016, askari 1 kati ya 6 alikuwa na kazi kuu ya ulinzi wa mitaa. Waliokuwa na kazi kuu ya makosa ya kiuchumi walikuwa askari 1 kati ya 150. Wakati huo utapeli ulishaonekana kuwa kosa linalowapata watu wengi kuliko kosa lolote lingine.

Aprili 2019 wakaguzi wa polisi nao walitoa ripoti yao, iliyolitaka taifa liamue: ama lipambane na utapeli kwa dhati, ama likubali kwamba watu wataendelea kuumizwa. Walikuta hakuna mkakati wa kitaifa wa polisi, na walikuta vikosi ambavyo juhudi zao zilielekea zaidi kupunguza mzigo wa majalada kuliko kuwasaidia waliotapeliwa. Sababu iliyotajwa humo ilikuwa ya wazi kabisa: utapeli haupigi kishindo, hautoki damu wala haupigi kelele, kwa hiyo hauingii kwenye vipaumbele. Ukimsikiliza aliyepoteza akiba ya uzeeni utajua kelele zipo. Zinapigwa ndani ya nyumba, kwa sauti ya chini, kwa sababu ya aibu.

Halafu ikaja Agosti 2019. Gazeti la The Times lilichapisha habari ya mwandishi wake aliyeingia kwa siri kama mfanyakazi wa kituo cha simu cha Action Fraud huko Gourock, Scotland. Kwa mujibu wa gazeti hilo, wapokea simu walikuwa wakiwakejeli waliotapeliwa kwa majina ya dharau, na walikuwa wakifundishwa kuwaacha waamini kwamba taarifa zao zitapelelezwa, hali wakijua nyingi hazitafika kokote. Watu walikasirika, na walikuwa na haki. Inafaa pia kukumbuka kwamba kituo hicho kilikuwa Scotland, nchi ambayo wakazi wake hupeleka taarifa za utapeli kwa polisi wao wenyewe kwa namba 101.

Dharau ile siitetei hata kidogo. Lakini lawama zilizowaangukia wapokea simu zilikuwa kubwa kuliko zile zilizowaangukia waliotunga mkataba. Mpokea simu aliajiriwa kusikiliza vilio kutwa nzima, akijua kwamba nyuma yake hakuna mtu. Hakuwa na mpelelezi wa kumwita, hakuwa na uwezo wa kuzuia fedha benki, hakuwa na jibu la "kesi yangu imefikia wapi". Kazi ya namna hiyo, kwa mshahara wa kituo cha simu, ama itamvunja mtu moyo ama itamfanya mkatili. Aliyeandika vigezo vya zabuni bila kuweka hata mstari mmoja kuhusu kinachofuata baada ya simu kukatwa ndiye alikuwa wa kwanza kuwadharau wapigaji.

Polisi wa City of London waliagiza uchunguzi wa nje, ukafanywa na Sir Craig Mackey, aliyewahi kuwa naibu kamishna wa Metropolitan Police, kikosi kingine kinacholinda sehemu kubwa ya London. Ripoti yake ilitoka Januari 2020. Haikuishia kwenye kituo cha simu, iliufuata mnyororo mzima mpaka kwenye vikosi, ikaonyesha kwamba nguvu iliyowekwa na polisi haikulingana hata kidogo na ukubwa wa tatizo.

Takwimu za miaka iliyofuata zilithibitisha hivyo. Katika mwaka uliomalizika Juni 2022, makadirio ya utafiti rasmi yalikuwa visa milioni 3.8 vya utapeli dhidi ya watu binafsi England na Wales, sawa na asilimia 41 ya makosa yote dhidi yao. Vilivyofikishwa polisi au Action Fraud vilikuwa chini ya 1 kati ya 7. Na katika mwaka uliomalizika Machi 2022, makosa ya utapeli yaliyofikia hatua ya mtu kushtakiwa hayakufika 5,000. Oktoba mwaka huo kamati ya sheria ya Bunge ilisema kwamba kosa linalochukua takriban asilimia 40 ya uhalifu linapata asilimia 2 tu ya fedha za polisi.

Hiyo 1 kati ya 7 inastahili kuangaliwa kwa makini. Huduma ya mtandaoni ilianzishwa ili kuripoti kuwe rahisi, na kwa kweli fomu ilikuwa wazi mchana na usiku. Bado zaidi ya sita kati ya saba walikaa kimya. Aibu ni sababu moja, lakini watu pia huongea. Aliyeripoti akaishia kupata barua ya kumwambia kwamba hakuna dalili za kutosha za kuendelea huwasimulia ndugu na majirani, na nao wakitapeliwa hawajisumbui. Wasiporipoti, kanzidata inapungukiwa na zile namba za simu na akaunti ambazo mashine ilihitaji ili iunganishe visa. Kwa hiyo kukosekana kwa wapelelezi mwisho wa mnyororo kulidhoofisha hata kile kipande cha mwanzo kilicholipiwa.

Huduma nyingine mbili za kulinganisha

Aprili 2020 kituo cha taifa cha usalama wa mtandao, kwa kushirikiana na polisi wa City of London, kilifungua anwani ya barua pepe ya kupokea ujumbe wa kutiliwa shaka. Mtu anasambaza barua pepe aliyoitilia shaka, basi. Hapewi namba ya kesi, haahidiwi mpelelezi. Mashine na wataalamu wanaangalia viungo vilivyomo, na tovuti ya kitapeli ikithibitika inaombewa kuondolewa mtandaoni. Wananchi wameitumia kwa mamilioni. Hapa anayepokea ndiye mwenye uwezo wa kutenda, na kinachoahidiwa ni kidogo kiasi cha kutimizika.

Ya pili haiwahusu polisi kabisa, na ndiyo inayonisikitisha. Tangu tarehe 7 Oktoba 2024, msimamizi wa mifumo ya malipo wa Uingereza amezitaka benki zimrudishie mteja aliyedanganywa akahamisha fedha kupitia malipo ya haraka, hadi pauni 85,000, kwa kawaida ndani ya siku 5 za kazi, na gharama igawanywe nusu kwa nusu kati ya benki iliyotuma na iliyopokea. Benki inayopokea sasa ina sababu ya kifedha ya kuuliza ni nani anafungua akaunti ya kupitishia. Kanuni hiyo imewafanyia waliotapeliwa jambo la kushikika kuliko miaka mingi ya fomu, na nafurahi kwa ajili yao. Ila aliyerudishiwa fedha na benki hajatendewa haki yote. Mtu aliyemdanganya bado yuko kwenye simu na mwingine.

Fedha mpya

Mei 2023 serikali ilitangaza mkakati wa kupambana na utapeli. Ulitenga pauni milioni 30 kwa miaka 3 kwa ajili ya mfumo wa kuchukua nafasi ya Action Fraud, ukiahidi tovuti rahisi zaidi, muda mfupi wa kusubiri kwenye simu, na uwezo wa mlalamikaji kufuatilia taarifa yake imefikia wapi. Safari hii fungu la wapelelezi lilitajwa pia: zaidi ya nafasi mpya 400 kwa ajili ya kikosi cha taifa cha utapeli. Mfumo ulikusudiwa kukamilika mwaka 2024, tarehe ikasogezwa mbele, na hatimaye huduma ikapewa jina jipya, Report Fraud.

Kwamba wapelelezi waliingia kwenye hesabu ni hatua, na waliopigania hilo wanastahili shukrani. Lakini hesabu yenyewe ni hii: visa milioni 3.8 ukivigawa kwa nafasi 400 unapata visa 9,500 kwa kila mmoja kwa mwaka. Hata ukihesabu vile tu vinavyoripotiwa, ambavyo havifiki 1 kati ya 7, bado vinaweza kukaribia 1,350. Najua nafasi hizo zimekusudiwa magenge makubwa na kesi ngumu, na najua vikosi vya maeneo vina watu wao wachache. Ndiyo maana swali la zamani halijaondoka: jalada likitoka London likafika kwa mkuu wa polisi wa eneo, analazimika kufanya nini nalo, na kwa fedha zipi?

Mimi ningetaka fungu la kupokea taarifa na fungu la kuzifanyia kazi viwe mstari mmoja wa bajeti, ili anayepunguza la pili alazimike kulipunguza la kwanza mbele ya macho ya watu. Ruzuku ya vikosi ifungamane na majalada vinavyotumiwa, na kikosi kinachofunga jalada kieleze sababu kwa maandishi, kwa mlalamikaji mwenyewe. Na ukurasa wa kwanza wa fomu, kabla mtu hajaandika jina lake, useme waziwazi ni taarifa ngapi katika mia zilizopelelezwa mwaka uliopita. Takwimu hiyo itamuumiza anayeisoma. Itamuumiza pia waziri, na waziri ana uwezo wa kuibadilisha.

Mfumo mpya unamruhusu mlalamikaji aone hali ya taarifa yake. Huenda hilo ndilo litakaloleta shinikizo ambalo ripoti zote zile hazikulileta, kwa sababu mtu anayefungua ukurasa kila wiki akakuta maneno yaleyale atampigia mbunge wake, na mbunge ataiuliza wizara. Bunge linapaswa kuidai takwimu moja kutoka Report Fraud kila mwaka kabla ya kupitisha ruzuku: kati ya taarifa zote zilizoingia, ni ngapi zilikabidhiwa mpelelezi mwenye jina.